Nzi Aliowachagua Benilde

Katika nyumba ya Froilán na Benilde, kijijini Ranedal, sheria ilikuwa moja tangu walipooana: mke hufunga nzi, mume huwachagua. Hakuna aliyeitamka. Ilijikalia tu kama kizingiti cha mlango, kila mtu akijua ainue mguu kiasi gani asijikwae.

Nzi wenyewe hawakuwa nzi. Walikuwa ndoana ndogo, nyingine hazifiki hata punje ya ngano, zilizovishwa uzi wa hariri kiunoni na unyoya wa jogoo shingoni, ili zikielea mtoni samaki aina ya trauti adhani ni wadudu wanaoibuka kutoka majini, naye apande kula. Benilde aliirithi kazi hiyo kwa mama yake, pamoja na majogoo. Majogoo wa bonde lao, bonde la Curueño, ni wa koo mbili. Kuna wa madoadoa, ambao ukitazama manyoya yao ya mgongoni utadhani mtu aliyanyunyizia kahawa kwa brashi. Kuna na wa rangi moja, kijivu cha chuma, kijivu cha moshi, hudhurungi ya ganda la lozi, wanaong'aa kama jiwe lililotoka majini sasa hivi. Watu wa bonde husema ukimhamishia jogoo huyo bonde la pili, mwaka haupiti manyoya yamefifia. Watu wa bonde la pili husema huo ni uongo wa wasiotaka kutoa jogoo. Benilde hakuwa na upande katika ubishi huo. Yeye aliwanyonyoa wangali hai, jogoo amempakata mapajani kama mtoto anayesukwa nywele, na akimaliza humpa mahindi na kumwacha aende akanunie uani.

Froilán alikuwa mchimba makaa ya mawe. Alipostaafu, mto, ambao zamani aliuendea Jumapili tu, ukachukua nafasi ya mgodi. Kila asubuhi ya msimu wa kuvua alisimama mbele ya dirisha linalotazama mtoni, sanduku la nzi limefunguliwa kiganjani, kimya kama aliye kanisani, mpaka aamue wangapi na wepi waende kwenye mshipi siku hiyo. Zamani, walipokuwa maharusi, Benilde alithubutu kumwambia kwamba siku ile ilimfaa nzi wa rangi ya majani makavu. Froilán alimjibu bila hasira, "Mimi nimewahi kukufundisha kuzungusha uzi?" Yakaishia hapo. Naye Benilde hakuwa mgeni wa mto. Utotoni alivua na baba yake kwa miaka kadhaa, hadi mama yake aliposema haifai msichana mkubwa asimame majini sketi ameipandisha mapajani. Tangu siku hiyo alibaki na majogoo.

Mwaka mmoja theluji ilichelewa kuyeyuka. Aprili mto ulikuwa bado umejaa, maji yana baridi ya kukata mifupa, na wadudu waliotoka walikuwa wale wadogo weusi wa siku za mawingu. Asubuhi moja Benilde akamwona mumewe akitoa sandukuni nzi wawili wa rangi ya majani makavu, wale wa jioni za Juni, na kuwafunga kwenye mshipi kwa uangalifu mkubwa. Alitaka kusema. Akakumbuka kizingiti. Pengine, aliwaza, ana hesabu zake. Jioni Froilán alirudi mkono mtupu akilalamikia maji.

Siku ya pili alilalamikia baridi. Ya tatu alilalamikia mafundo ya Benilde, kwamba siku hizi anayaacha makubwa kama vifungo vya koti. Hilo lilimuuma mkewe, akamtoa nzi mmoja na kumtazama dirishani. Fundo lilikuwa dogo kama alivyozoea. Akaanza kumchunguza mumewe kwa jicho la pembeni, na ndipo alipoona kwamba mumewe naye anatazama kila kitu kwa jicho la pembeni. Alikuwa akigeuza kichwa kidogo kabla ya kuchukua kikombe, kama kuku anavyogeuza kichwa kuiangalia punje. Gazeti alilishika mbele yake muda ule ule wa zamani, lakini habari alizozisema zilikuwa za redioni.

Akamjaribu, na baadaye hakuwahi kujisifu kwa jaribio hilo. Alifunga nzi wa njano, njano ya maua yanayofunika kilima mwezi wa Mei, akamweka kiganjani mwa mumewe.

"Nimepata kijivu kipya," alisema. "Unamwonaje?"

Froilán alimsogeza karibu na pua, akamgeuza kuelekea mwanga.

"Kijivu kizuri," alisema. "Hiki ndicho kijivu chenyewe."

Benilde alirudi kwenye meza yake, akakaa mbele ya jiliwa lake dogo la kubania ndoana, na kwa muda mrefu mikono yake haikufanya lolote.

Mtu angeuliza kwa nini hakusema siku hiyo hiyo. Alimjua mumewe. Mgodini, mtu aliyekiri kwamba haoni vizuri alipandishwa juu akafagie ua, na wenzake, hata waliompenda, walianza kumwita babu. Froilán alikuwa amemwona baba yake akifagia ua huo. Zaidi ya hapo, mtu akishajua kwamba wewe unajua, hawezi tena kujidanganya, na Benilde alihisi kwamba kule kujidanganya ndiko kulikokuwa kumemsimamisha mumewe wima asubuhi mbele ya dirisha. Kumnyang'anya vyote viwili, macho na uongo wake, kwa siku moja? Hakuweza.

Basi akatafuta njia nyingine. Kulipopambazuka alitoka na ndoo ya maganda kana kwamba anawapelekea majogoo, akapita hadi darajani. Chini ya ukingo wa daraja la mawe buibui walikuwa wametanda nyumba zao, na buibui hachagui: chochote kilichoruka juu ya maji jioni iliyopita kilikuwa kimenasa pale, kimening'inia na mabawa yake. Benilde aliinama akasoma. Weusi wadogo, wengi. Wawili watatu wa kijivu. Wa njano hakuna. Akarudi nyumbani, na wakati Froilán akinyoa ndevu, akafungua sanduku na kuondoa kila nzi asiyefaa siku hiyo, mahali pake akaweka wanaofaa. Mumewe alipokuja dirishani alisimama katika kimya chake kile cha kanisani, akachagua. Hakuwa na jinsi ya kukosea.

Siku hiyo alirudi na trauti watatu. Benilde akawakaanga kwa mafuta ya nguruwe, Froilán akala akisimulia jinsi alivyotazama mawingu, akalitazama sanduku, akasema moyoni, leo ni weusi tu.

"Wewe funga," alimwambia mkewe akipangusa mdomo. "Macho niachie mimi."

Benilde alimwongezea mkate.

Mambo yakaenda hivyo Aprili yote na Mei. Hakuna aliyepata trauti kama Froilán katika mto ule, na baani aliheshimika. Wenzake walimwuliza leo ametumia nzi gani, naye aliwajibu kwa mafumbo kama daktari. Rafiki yake Secundino, aliyechimba naye makaa ubavu kwa ubavu na ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na mlango, alisema Froilán ameuza roho yake kwa mchawi wa majini.

Lakini Benilde, kadiri siku zilivyokwenda, alianza kuona mambo mawili ambayo hakuyapenda. La kwanza ni kwamba alikuwa akifurahi. Asubuhi hakuamshwa na huruma. Aliamshwa na hamu ya kuona buibui wamenasa nini. Alikuwa anapiga hesabu, upepo umegeuka, jana kulikuwa na jua, leo watatoka wenye mabawa ya moshi, na mumewe akirudi na samaki yeye alijihesabia ushindi kimyakimya. La pili lilimjia akiwa anachambua manyoya. Mtu anayechagua kati ya vitu vinavyofanana, aliwaza, hachagui kitu. Alikuwa amemwachia mumewe dirisha na ule ukimya wake, akamwibia kilichokuwa ndani yake. Akajiambia ataacha. Kesho yake alikwenda darajani.

Mficha maradhi, kifo humuumbua, na haya hayakuhitaji hata kifo. Ilikuwa Jumapili ya Juni. Froilán na Secundino walikuwa wakivua pamoja chini ya mierebi, na jua lilipokaribia kilele cha mlima wadudu walibadilika, kama ilivyo kawaida ya Juni. Wale wa kijivu wakapotea, wakatoka wa rangi ya majani makavu, mto mzima ukachemka kwa samaki. Wakati huo huo Secundino akanasa mshipi wake mtini na kuukata. Akamwomba mwenzake nzi mmoja wa majani makavu. Froilán akafungua sanduku, akampa. Secundino akasema huyu ni wa kijivu. Akampa mwingine. Huyu naye wa kijivu. Secundino akalichukua sanduku lenyewe, akalipekua, akacheka mpaka ndege wakaruka: sanduku zima kijivu kama kabati la masista, kwani Froilán anavua samaki au anaomba utawa? Kisha akauona uso wa mwenzake, na jinsi mwenzake alivyokuwa akilitazama sanduku kwa kugeuza kichwa, na kicheko kikakatika. Lakini jioni, baani, alipokunywa glasi mbili, alikisimulia kisa chote isipokuwa ule uso. Watu wakacheka. Froilán alikuwapo.

Benilde hakuyajua hayo yote mpaka baadaye. Alichokiona ni mumewe akiingia jikoni kungali na mwanga wa zile jioni ndefu za Juni, hajavua mabuti, akaweka sanduku mezani na kulifungua mbele yake.

"Nisomee," alisema.

Benilde alinawa mikono kwanza. "Wa kijivu," alisema. "Wote."

"Nani kawapanga?"

"Mimi."

"Tangu lini?"

"Tangu Aprili. Tangu ulipokwenda na wale wa Juni kwenye baridi."

Froilán alivuta kiti akakaa. Alishika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, kama anayehofia itaondoka.

"Kwa hiyo wale samaki walikuwa wako."

"Samaki umewashika wewe, Froilán. Mimi nimeshika ndoo ya maganda."

"Usinichekeshe, Mama Camino. Hata kipofu ukimtilia mkate mdomoni atatafuna. Nimekwenda baani miezi miwili nikiwafundisha watu kuchagua. Mimi!" Kisha akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Ulikuwa unanionea huruma, au ulikuwa unanicheka?"

"Sikukucheka hata mara moja."

"Afadhali ungecheka."

Alikwenda kulala katika chumba cha binti yao Camino, aliyekuwa ameolewa mjini León. Kesho yake hakusimama dirishani. Ufito wake wa kuvulia ulibaki pembeni ya mlango, mabuti yakakauka na kukakamaa. Juni ikaisha, mto ukiwa katika ubora wake, wanaume wakipita mbele ya nyumba asubuhi na jioni, na Froilán akiwa amekaa uani na majogoo akimega mkate mkavu. Hakuwa mkali kwa mkewe. Alijibu alipoulizwa, alikula alichopewa, alisema asante. Benilde angependa kutukanwa kuliko zile asante.

Secundino alikuja siku moja na kofia mkononi, akasimama mlangoni asiingie.

"Shemeji, huu ulimi wangu ungekatwa ukaliwe na paka," alisema. "Sikujua. Naapa. Nilipojua nilikuwa nimeshaanza kucheka, na mimi nikianza kucheka ni kama gogo kwenye mteremko."

"Ungemwambia yeye."

"Nimemwambia. Kanijibu asante."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Bora angenirushia kiatu."

Benilde akamkaribisha, akamkatia nyama kavu na kummiminia divai, wakakaa mezani wote wawili, wenye hatia.

Ni katika siku hizo, akiwa peke yake na jiliwa lake, alipojiuliza lile swali la mumewe upya. Huruma au kicheko? Aliona haikuwa ama hili ama lile. Huruma ilikuwapo mwanzoni, bila shaka. Lakini chini yake palikuwa na msichana aliyetolewa majini kwa ajili ya sketi, aliyefunga nzi kwa maelfu na kuwaona wakiondoka kwenye masanduku ya wanaume, asiulizwe kamwe yupi aende lini. Msichana huyo aliona mlango umeachwa wazi akaingia. Kama angeingia kwa hodi, aliwaza, lingekuwa jambo jingine.

Akayasema. Alitoka uani, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa kando ya mumewe, akamwambia kwamba alifanya pia kwa ajili yake yeye Benilde, kwamba alipenda, na kwamba hilo ndilo analoliombea radhi, siyo lile la kumsaidia. Froilán alisikiliza akimega mkate. Jogoo mmoja wa madoadoa alipanda juu ya kiatu chake na kushuka.

"Ulikuwa unajuaje?" aliuliza hatimaye. "Wa siku hiyo."

"Buibui wa darajani."

Alimgeuzia kichwa, kwa upande, akamtazama kwa muda. Usiku huo alirudi kulala chumbani kwao.

Wiki iliyofuata alikubali kwenda kwa daktari wa macho. Camino aliwapokea kituoni León. Daktari, mwanamke kijana mwenye mikono baridi, alimtazama kwa mashine, akawaeleza bila kuzungukazunguka: katikati ya macho yote mawili pamechakaa na hapatengenezeki, miwani haitasaidia. Pembeni pangebaki. Angetembea, angewaona watu, angeona mlima. Kitu kidogo hangekiona tena, wala sura ya mtu aliye mbele yake uso kwa uso. Froilán aliuliza swali moja tu, kama ingefika siku ya giza tupu. Daktari akasema hapana. Froilán akamshukuru, na hii ilikuwa asante ya kweli.

Katika treni ya kurudi, ile ndogo inayopanda bonde ikisimama kila penye nyumba tatu, alikaa dirishani na mkewe mbele yake. Walipita vituo kadhaa.

"Baba yako," alisema ghafla, "alikuwa anakupeleka wapi?"

"Chini ya kinu. Na pale penye mawe mawili."

"Ulikuwa unarusha mwenyewe?"

"Vibaya. Nilikuwa naishika miti zaidi ya samaki."

Froilán akaitikia kwa kichwa, akatafakari mpaka kituo kilichofuata.

"Utakuja na mimi," alisema. "Utachagua wewe, lakini kwa sauti, nisikie. Useme umeona nini na kwa nini. Na ukikosea nitakwambia."

"Na nisipokubali kwamba nimekosea?"

"Tutagombana. Mto una nafasi."

"Watu watasema, Froilán. Mwanamke wa umri wangu na mabuti ya mpira mpaka kiunoni."

"Watu walisema hata siku ya harusi yetu. Walisema mchimba makaa atachafua shuka."

Benilde alicheka, na bibi mmoja aliyekuwa na kapu la mayai upande wa pili akacheka pia bila kujua anacheka nini.

Walikwenda siku mbili baadaye, asubuhi, kwenye mawe mawili. Benilde alikuwa amevaa mabuti ya zamani ya mumewe na kujaza soksi mbele. Maji yalipombana magoti alishusha pumzi ndefu. Alikuwa amesahau kwamba mto husukuma, kwamba ni lazima usimame kama unayebishana nao. Akatazama. Palikuwa na wadudu wa kijivu wenye mabawa yaliyosimama, wakisafiri juu ya maji kama vipande vya karatasi iliyoungua, na samaki walikuwa wakila kando ya jiwe la pili. Alimwambia mumewe yote hayo. Akasema anachagua wa kijivu cha moshi, aelee juu kabisa.

"Haya," alisema Froilán.

Benilde alimfungia nzi, akamwelekeza: kushoto kwa jiwe, urefu wa mikono miwili upande maji yanakotoka. Froilán alirusha. Kurusha hakukuhitaji macho. Ule mkono ulikuwa umejifundisha zamani. Nzi alishuka polepole, akapita juu ya samaki, akaendelea na safari. Akarusha tena. Na tena. Samaki waliendelea kula pande zote za nzi wao kana kwamba hayupo.

"Labda chuma," alisema Benilde. "Kijivu cha chuma, cheusi kidogo."

Wakabadilisha. Hakuna. Akataka kubadilisha tena, mdogo zaidi, na Froilán akamwuliza swali ambalo hakulitarajia. Samaki akipanda, yeye Benilde anaona nini: pua yake, au mgongo?

Benilde alitazama kwa makini. Alikuwa amewaona wakipanda. Hakuwa amewaona wanavyopanda. "Mgongo," alisema. "Mgongo, halafu ncha ya mkia."

"Basi hawali hao unaowaona."

"Wanakula, Froilán. Nawaona kwa macho yangu."

"Unaona wadudu juu na samaki juu, ukawaozesha. Samaki anayekula juu hutoa pua. Huyu anatoa mgongo kwa sababu mdomo wake uko chini, anakula wanaopanda, kabla hawajatoka majini. Mtilie wa madoadoa, mlowanishe, azame kiganja kimoja."

"Leo siyo siku ya madoadoa. Buibui hawana hata mmoja."

"Buibui hunasa walioruka, Mama Camino. Aliyeliwa chini ya maji atafikaje kwa buibui?"

Benilde alisimama na maji yakimpita magotini, akalitafakari jambo hilo. Miezi miwili alikuwa ameshinda kwa sababu msimu ulikuwa rahisi, na kwa sababu mkono ulioshika ufito ulijua kurekebisha mengi bila kusema. Hakulipenda sana hilo. Lakini alifungua sanduku, ambalo sasa lilikuwa na nzi wa kila rangi, akamtoa wa madoadoa, akamlowanisha mdomoni kama baba yake alivyokuwa akifanya, na kumfunga.

Froilán aliporusha mara ya pili, mshipi ulikaza. Ufito ukainama, Froilán akapiga kelele moja fupi, siyo ya neno lolote, na trauti akakimbilia chini ya mkondo. Benilde alimfuata kwa wavu wa mkononi, akajikwaa, akalowa mpaka kwapani, akamkosa. Samaki akageuka chini ya wavu, akaukata mshipi na kwenda zake.

"Amekwenda?" aliuliza Froilán.

"Amekwenda."

"Mkubwa?"

"Sikumwona vizuri. Nilikuwa naangalia nisizame."

"Mimi nilijua tangu siku ya harusi," alisema mumewe, "kwamba wavu hukuumbiwa."

Walimpata mwingine, mdogo kuliko huyo, na mwingine tena. Wakabishana juu ya kila nzi. Kabla ya jua kupanda sana Benilde alikuwa sahihi mara moja na Froilán mara mbili, au kinyume chake. Walipofika nyumbani kila mmoja alikuwa na hesabu yake.

Kijiji kilisema kilichosema. Baani walimwuliza Froilán kama siku hizi amepata mwalimu, naye akasema ndiyo, na ni mwalimu mkali, na anayetaka nafasi darasani aombe mapema. Secundino alicheka kwanza, akaangalia kama ameruhusiwa, kisha akacheka vizuri. Julai wake wawili wa wavuvi walikuja kwa Benilde, mmoja baada ya mwingine, wakijifanya wanatafuta mayai, wakauliza yale mabuti yanabana wapi.

Siku ya mwisho ya msimu, katikati ya Agosti, hawakupata kitu. Maji yalikuwa yamepungua na kuwa kama kioo, samaki wameshiba wana shaka na kila kitu. Benilde alichagua vibaya asubuhi, Froilán akachagua vibaya alasiri, wakajaribu hata wale wa baridi wa Aprili kwa ukaidi tu. Mwishowe wakaketi juu ya jiwe tambarare, wakavua mabuti, wakala mkate na nyama kavu huku miguu yao ikikauka juani. Mbayuwayu walikuwa wakipita chini kabisa juu ya kilindi.

Froilán aligeuza uso kuelekea mtoni, kisha akaugeuza pembeni kidogo, pale ambapo macho yake yalikuwa bado yanamtumikia.

"Maji yana rangi gani sasa?" aliuliza.

Benilde alifunga sanduku la nzi na kuliweka kando. Akatazama. Rangi zilikuwa nyingi, na alitaka kusema zilizo kweli, kwa hiyo hakuharakisha. Akaanza na ukingo wa karibu, palipokuwa na mawe.